Kigelegele Kwenye Ukumbi wa Baleti

Nakumbuka alasiri moja ya mvua, mwanangu, nimejibanza kwenye mlango wa ukumbi nisioujua huko Guangzhou, mfuko wa sampuli za blauzi umelowa begani, na ndani upatu unalia. Ulilia kwa hasira, kama mtu anayemgombeza mwenzake, na kila ulipotulia zeze lilikuwa linaujibu. Nilikuwa nimesimama pale kujikinga mvua tu. Lakini miguu yangu mimi haijawahi kusikia ngoma ikakubali kubaki mlangoni. Nikasema moyoni, kama ni nyumba ya mtu, basi nitafukuzwa nikiwa nimeshaona. Nikasukuma pazia nikaingia.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Nilikuwa kijana bado, ingawa watu walishaanza kuniita Mama Kulwa, na mapacha wangu nilikuwa nimewaacha Magu kwa bibi yao. Kazi yangu ilikuwa kununua nguo za wanawake kwenye maduka ya jumla ya Barabara ya Zhanqian, karibu na stesheni ya treni, nifunge marobota, niyapakie kwenye kontena pamoja na mizigo ya wenzangu, kisha nirudi Mwanza kuuza. Waafrika hatukuwa wengi mjini wakati ule. Ungeweza kushinda kutwa nzima unabishana bei na watu usiowajua idadi, na jua linapotua ukakumbuka kwamba hakuna hata mmoja aliyekuuliza umeamkaje. Huo ndio upweke nilioingia nao mle ndani, na ninakutajia mapema ili uelewe kwa nini nashukuru hivi.

Ndani walikuwa wazee watupu. Bibi kizee huyu ana chupa ya chai, yule anabangua mbegu za matikiti na kutema maganda mkononi, wengine wanapiga umbea kana kwamba jukwaani hakuna mtu. Na jukwaani alikuwepo mwanamke aliyepakwa uso mweupe na mwekundu, mikono ya nguo yake imeizidi mikono yake mwenyewe, inaning'inia hadi magotini. Alitembea mduara mmoja kwa hatua ndogondogo, na wale wazee wakaguna kwa huruma. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba katika ule mduara alikuwa amesafiri hadi jimbo jingine. Kiti kimoja kilikuwa mlima. Fimbo yenye vishada ilikuwa farasi. Mimi sikujua lolote kati ya hayo, wala sikuelewa neno moja la wimbo wake. Lakini alipourusha mkono mmoja wa nguo mbele, kisha akauvuta taratibu ukarudi kifuani, nilijua kabisa kwamba kuna mtu anaondoka na yeye hataki aondoke. Nikalia, mwanangu. Nilikuwa nimekaa na mfuko wangu uliolowa, naililia opera ya watu, ule mchezo wao wa kuimbwa jukwaani.

Usinicheke. Ngoja nikwambie nimelelewaje. Kwetu Usukumani, baada ya mavuno, makundi mawili ya ngoma hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kundi na upande wake. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watu ndio waamuzi. Ngoma ikikukolea unahamia kwao, ikipoa unawaacha, na kundi litakaloachwa na watu limeshindwa, hata liwe na manyoya ya aina gani. Shangazi yangu aliyenilea alikuwa akinishika mkono tunahama naye huku na huku kutwa nzima, na mchezaji akimkosha sawasawa, anafungua kitenge chake kiunoni, anaingia uwanjani, anamtuza kwa kumfunga kile kitenge mabegani huku anapiga vigelegele. Nilikua nikijua kwamba kutazama ni kazi. Kucheza sikuwahi kuweza, nina magoti mazito. Mimi ni mtazamaji, na nalisema hilo kwa kujidai vilevile kama fundi seremala anavyoutaja useremala wake.

Basi nikiwa nalia, mkono ukanifikia kutoka kiti cha pembeni, umenishikia mbegu za matikiti. Kugeuka, nikamkuta mama niliyegombana naye asubuhi ileile dukani kwake. Alikuwa anauza blauzi ghorofa ya pili ya moja ya yale majengo ya Zhanqian, mama wa makamo, mfupi, nywele kazikata kama mwanafunzi, na bei yake alikuwa hashushi hata ukipiga magoti. Asubuhi nilimwita laoban, yaani bosi, kama tulivyowaita wenye maduka wote. Sasa alikuwa anayatazama machozi yangu kwa namna ya kuyapima. Kisha akanionyesha jukwaa kwa kidevu, akangoja, na yule mwimbaji alipofika kwenye kona fulani ya wimbo, ukumbi mzima, wale wazee wenye umbea wao, wakapiga ukelele mmoja: "Hou!" Maana yake vizuri, safi. Akanigonga goti na mimi niseme. Nikasema, nimechelewa, peke yangu. Alicheka hadi mbegu zikamwagika. Tangu siku hiyo sikumwita laoban tena. Nilimwita Ayi Liang, ambalo ndilo neno lao la heshima kwa mama mtu mzima, kama sisi tunavyosema mama mdogo.

Kila safari iliyofuata, nikishamaliza ununuzi, alikuwa anafunga duka mapema siku moja tunakwenda wote operani. Nilijifunza mahali pa kusema hou. Nilijifunza kumtambua shujaa kwa rangi ya uso na jenerali kwa bendera za mgongoni. Kuna mzee mmoja mcheza vituko ambaye akiingia tu, kabla hajafungua mdomo, mimi na Ayi tulikuwa tumeshashikana mikono tunacheka. Nilitoka mle nimepumzika kuliko mtu aliyelala usingizi. Namshukuru Mungu kwa ule ukumbi hadi leo, na harufu yake ya chai na nguo mbichi.

Mkalimani wetu tulipozidiwa na maneno alikuwa Papa Dieudonné, Mkongo wa Lubumbashi. Alikuja China kusoma, masomo yakaisha, akageukia biashara, akawa na ofisi ndogo kwenye jengo la Tianxiu kule Xiaobei, anawasafirishia watu mizigo. Kichina alikiongea kama maji, Kifaransa ndiyo usiseme, na tai hakuivua hata kwenye joto la mwezi wa saba. Yeye aliidharau opera ya Ayi Liang kidogo, akisema ina makelele. Akanipeleka siku moja kwenye opera ya Kizungu iliyokuwa imetembelea mji. Nilimwona mama mmoja mnene mwenye sauti ya ajabu akichomwa kisu, akaimba, akaanguka, akaimba, akainuka kidogo, akaimba tena. Nilikuwa nimeshaanza kudhani atapona. Lakini sauti ile, mwanangu! Iliingia kifuani kwangu bila kubisha hodi, na nilipotoka nilitembea mtaa mzima bila kusema na Papa Dieudonné, na yeye hakunisumbua.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Ayi Liang alikuwa na binti mmoja, jina lake Ah Lan. Na kumbuka kwamba opera kwao ilikuwa ni ukoo. Mama yake Ayi alikuwa mwimbaji, picha yake ya mavazi ya jukwaani ilitundikwa dukani juu ya mashine ya kupigia pasi. Ayi mwenyewe alianza kujifunza akiwa mdogo, mambo ya nchi yakabadilika, akapelekwa kiwandani kushona. Ule wimbo uliokatika kwake akaukusudia umalizikie kwa Ah Lan. Alimfundisha mikono mirefu ya nguo tangu mtoto hajaota meno ya ukubwani. Lakini walimu wa baleti wakapita shuleni kuchagua watoto wenye miguu mizuri, wakamchagua, na mtoto akaenda kwa furaha. Ayi hakusamehe. Alisema baleti ni kuruka kwa mtu bubu, na watazamaji wake wanakaa kama wako msibani. Miaka yote ile binti alikuwa anacheza katika mji uleule, na mama yake hakuwahi kukanyaga ukumbi wa baleti.

Nilikuwepo dukani siku Ah Lan alipoleta tiketi. Msichana mwembamba, shingo ndefu, anatembea nyayo zikiangalia nje kama bata, nisamehe lakini ndivyo wanavyotembea wote. Alisimama mbele ya kaunta kama mteja. Aliongea kwa sauti ndogo, akaweka tiketi mbili juu ya kaunta, akangoja. Ayi alikuwa anakunja blauzi. Akaendelea kukunja. Msichana akanisalimu mimi kwa kuinamisha kichwa, akaondoka, na Ayi akachukua kalkuleta akaiweka juu ya zile tiketi kama anazuia karatasi zisipeperuke.

Papa Dieudonné, aliyekuwa amekuja kuchukua mzigo wangu, alinigeukia uso umembadilika. Akaniambia kwamba yule binti amepata nafasi kwenye kundi la baleti la ng'ambo, Ulaya. Onyesho la Jumapili ndilo la mwisho kwake pale mjini. Baada ya hapo anapanda ndege, na kurudi kwake hakujulikani.

Nikamwambia Ayi, twende.

"Bu yao," akasema. Sitaki. Hilo neno nililijua kuliko yote, ndilo nililomwambia yeye kila asubuhi kuhusu bei zake.

Hapo nikamwomba Papa Dieudonné anitafsirie, na asipunguze. Nikamweleza Ayi habari za uwanja wetu na makundi yetu mawili. Nikamwambia, kwetu ruhusa unayo ya kuikataa ngoma. Unaikataa kwa miguu yako, unahamia upande wa pili mbele ya watu wote. Lakini wa kuikataa naye lazima aje uwanjani. Aliyebaki nyumbani hajakataa kitu, huyo hayupo tu. Nikaona anasikiliza, kwa sababu aliacha kukunja. Nikaongeza, nimekaa nawe kwenye opera yako safari zote hizi, lugha siijui, nimelia na kucheka pale uliponionyesha. Sasa mimi nataka kuona baleti, na ni mgeni, sijui mlango wala kiti. Kaa na mimi mara moja.

Alimaliza kukunja blauzi iliyokuwa mkononi. Halafu akaongea kwa Papa Dieudonné bila kunitazama.

"Anasema atakwenda," Papa akaniambia. "Lakini ni juu yako wewe, Mama Kulwa. Hapana juu ya mutoto."

Nikasema sawa. Mtu akikubali, usimuulize kwa sababu ya nani.

Jumapili hiyo nilitoka misa nikapitiliza. Lilikuwa onyesho la mchana. Ayi alivaa koti lake la sikukuu. Papa Dieudonné alikuwa amejinunulia tiketi yake, tai mpya, na mlangoni alinishika kiwiko akanipa onyo.

"Mama, fasi hii habapigake makelele, tu comprends? Haiko opera ya bale bazee. Unaikala kimya mpaka ku mwisho, njo unapiga mikono."

Nikamwambia nimesikia, nitakaa kimya hadi mwisho ndipo nipige makofi. Na nilikuwa nimesikia kweli. Ndani kulikuwa na kiyoyozi kikali, nikajifunika kitenge changu mabegani, tukakaa safu za mbele, mimi katikati. Ayi aliweka mikono mapajani kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Mwanangu, nilidhani baleti ni wepesi. Ukiwa mbali ndivyo inavyoonekana. Ukiwa karibu unasikia viatu vinagonga mbao kama matone ya kwanza ya mvua kwenye bati, unasikia pumzi, unaona jasho linaruka pale mtu anapogeuza shingo. Wasichana wale wanasimama kwenye ncha za vidole na nyuso zao zinatabasamu, na miguuni ni kazi ya kubeba zege. Niliwaonea huruma na wivu kwa pamoja. Hakuna mtu aliyeguna. Hakuna aliyebangua mbegu. Kimya kile kilinielemea mwanzoni, halafu nikaanza kukipenda, kwa maana ndani yake kila kitu kidogo kilisikika, hata kitambaa cha gauni kikipita.

Ah Lan aliingia peke yake sehemu ya pili. Alivaa nyeupe tupu, mikono wazi. Hadithi sikuijua, ila alikuwa anamuaga mtu, hilo nililiona. Alikwenda mbele kwa vidole, akasita, akarudi. Kisha akaurusha mkono wa kulia mbele, ukanyooka hadi ncha za vidole, na akauvuta taratibu, taratibu, ukarudi kifuani.

Nguo ndefu haikuwepo. Lakini ulikuwa mkono uleule. Ulikuwa mkono wa yule mwimbaji wa siku ya mvua, mkono wa yule bibi wa pichani juu ya mashine ya pasi. Nikamtazama Ayi. Mdomo ulikuwa wazi, na mkono wake mwenyewe, pale pajani, ulikuwa umeinuka kidogo na kurudi, bila yeye kujua.

Basi mimi nikapotea. Kila nililoambiwa mlangoni lilinitoka. Sikuwa tena Guangzhou, nilikuwa uwanjani na shangazi yangu, na mchezaji alikuwa amenikosha, na mtazamaji ana kazi yake. Kigelegele kikatoka. Kigelegele kizima, cha harusini, kirefu, kikapanda hadi kwenye dari la ule ukumbi na kurudi. Na kabla hakijaisha nilikuwa nimeshasimama, kitenge nimekifungua mabegani, nimefika kwenye njia katikati ya viti, naenda kumtuza mtoto jukwaani.

Sasa ndipo nikaona nilichofanya. Ah Lan alikuwa kwenye kidole kimoja. Kile kigelegele kilimshtua, mguu ukagusa chini kabla ya wakati wake. Wengine labda hawakuona, mimi niliona. Alijishika, akaendelea. Watu waligeuka safu kwa safu. Papa Dieudonné alikuwa ameinamisha kichwa hadi tai imegusa magoti. Na kijana wa ukumbini mwenye tochi alikuwa anakuja kwangu mbio za kunyata, anaonyesha mlango, toka, toka.

Kabla hajanifikia, Ayi Liang alisimama. Alikuja akanishika mkono wenye kitenge, akajiweka kati yangu na tochi. Aliongea kwa sauti ya chini, lakini katika kimya kile aliyekuwa karibu alisikia, na hata mimi na Kichina changu cha sokoni nilielewa.

"Huyu ni mgeni wangu," akasema. Kisha akanyoosha kidole kuelekea jukwaani. "Na yule ni binti yangu."

Papa Dieudonné alinieleza baadaye kwamba aliendelea. Alimwambia yule kijana, ukimtoa huyu utanitoa na mimi, na mimi sitoki mpaka mwanangu amalize. Kijana akazima tochi. Akatuonyesha nyuma kabisa, karibu na mlango, tusimame pale. Tukasimama. Na ndivyo Ayi Liang alivyomwona mtoto wake akicheza mara ya kwanza, amesimama, amenishika mkono, kama watu wa kwetu wanavyotazama ngoma. Hakusema hou. Aliubana tu mkono wangu kila Ah Lan aliporuka, hadi vidole vikafa ganzi. Pazia lilipofungwa alipiga makofi mpaka kila mtu ameshaanza kutafuta koti lake.

Tulikwenda kungoja kwenye mlango wa pembeni wanakotokea wachezaji. Niliogopa, sikufichi. Ah Lan alitoka na mfuko wake begani, rangi imefutika nusu ya uso. Akanitazama mimi kwanza.

"Ni wewe?" akauliza, Papa Dieudonné akatafsiri. "Nilifikiri ndege ameingia ukumbini. Nusura nianguke."

Nikaanza kuomba radhi kwa lugha zote nilizokuwa nazo. Ndipo akaona nyuma yangu yupo nani.

Nilitegemea watakumbatiana. Hawakukumbatiana. Ayi alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akasafisha koo. Papa Dieudonné alitafsiri polepole:

"Mkono wa kulia umeushusha mno ukirudi. Bibi yako alikuwa anauinua zaidi."

Ah Lan akaangua kilio na kicheko pamoja. Maana mtu aliyesema vile alikuwa ametazama. Alikuwa ametazama kila kidole. Pale pale, kwenye kile kichochoro chenye baiskeli, akaweka mfuko chini, akaurusha ule mkono, akaurudisha, na mama yake akamshika kiwiko akamwinulia.

Kitenge nilikuwa nacho bado, nimekikunjakunja kwa aibu. Nikampa Ayi, nikamwonyesha kwa ishara: mabegani. Akaelewa. Akamfunika mwanawe, akamfungia fundo mbele, akalivuta mara mbili kuona kama limekaza. Hapo nilijibana mdomo kwa viganja vyote viwili. Papa Dieudonné akanitazama, macho yana maji, akasema, "Sasa piga, Mama. Apa hakuna mtu atatufukuza." Nikapiga.

Kesho yake nilikwenda dukani nikidhani nitapewa shukrani. Nilipewa chai, na nikakemewa. Ayi Liang alimngoja Papa Dieudonné afike ili nisije nikasema sikuelewa. Akasema: mtu amebeba ndoo imejaa kichwani, wewe umefurahi kumwona, unamrukia mgongoni? Ukimshangilia mtu, mngoje aitue. Furaha yako ilikuwa nzuri, lakini uliifuata wewe, ukamsahau yeye aliyekuwa kwenye kidole kimoja. Nikainama nikasema ndiyo, Ayi. Akanimiminia chai tena. Kisha akasema, na hili Papa Dieudonné alilirudia mara mbili kwa sababu nilimwomba: "Wewe ulipiga kelele mapema kwa pumzi moja. Mimi nilinyamaza miaka. Kati yetu wawili, mimi ndiye niliyekaribia kumwangusha."

Ah Lan alisafiri. Mwaka uliofuata niliporudi, nikapanda ngazi za lile jengo la Zhanqian, sijafika hata mlangoni kwa Ayi, nikasikia kitu mle ndani ya soko. Sijui nikieleze vipi. Kilikuwa kama mbuzi aliyekanyagwa. Wateja wameduwaa, wauzaji wenzake wanacheka wameshika kuta, na Ayi Liang amesimama juu ya robota la nguo, ameutoa ulimi nje, anajaribu kupiga kigelegele. Alikuwa akijifunza tangu niondoke. Alinieleza kwamba kila binti yake anapopiga simu kutoka ng'ambo kusema amecheza, anampigia kimoja kwenye simu, na binti anakata simu kwa kicheko. Juu ya mashine ya pasi, pembeni ya picha ya bibi, palikuwa na picha mpya. Msichana amesimama kwenye ncha ya kidole, kajifunga kitenge cha Mwanza.

Leo mimi ni mzee, safari nimeacha, Papa Dieudonné alirudi kwao, na sijui kama Ayi Liang bado yu hai. Ila najua deni la shukrani halina mahali pengine pa kwenda zaidi ya kwako, wewe unayenisoma.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Ukiitwa kutazama, nenda. Mtoto wako, mke wako, rafiki yako akikuita uone alichokifanya, nenda, hata kama siyo ngoma uliyomchagulia. Nenda uikatae ukiwa uwanjani kama ni lazima uikatae. Jifunze desturi za mahali ulipokaa, na mtu akiwa kwenye kidole kimoja mwache atue. Lakini akishatua, usiiweke sifa yake kifuani hadi uende nayo kaburini. Iseme. Kama hujui namna, sema mkono umeushusha, uuinue. Atajua ulikuwepo.

Mungu akupe macho ya kuona kazi ya wenzako na mdomo usioona haya kuisifu. Akupe pia, wewe mwenyewe, siku utakapomaliza kucheza ngoma yako na umesimama unahema, usikie kutoka nyuma kabisa, karibu na mlango, mtu wako anakupigia kigelegele.